Habari ya Jiwe la Apophis na Hisabu ya Njia Yake

Ujue, ewe msomaji, kwamba mbali na sayari kubwa zinazolizunguka jua, yako mawe mengi mno yaendayo katika njia zao, na watu wa elimu ya falaki huyaita sayari ndogo. Moja katika hayo ni Apophis, lililowatia watu khofu kubwa. Na upana wake ni kiasi cha mita 340 tu.

Lilionekana kwanza Juni 2004, katika mlima wa Kitt Peak, Arizona, Marekani. Likatazamwa siku mbili, kisha likapotea hata Disemba, lilipoonekana tena Australia. Hulizunguka jua kwa siku 324, na njia yake huikata njia ya dunia. Hapo ndipo yalipozuka maneno. Hisabu ikatoa kwamba tarehe 13 Aprili 2029 huenda likaipiga dunia, na uwezekano ukafika moja katika 37.

Lakini mwenye kuliona jahazi kwa mbali kitambo kidogo hawezi kusema litatia nanga bandari gani. Hisabu ile haikuwa ya uwongo, bali mashahidi wake walikuwa wachache. Wakapekua picha za zamani, wakakuta kwamba jiwe lilikwisha pigwa picha Machi 2004, na hapana aliyelitambua. Kwa vidoa vile hafifu, shaka ya 2029 ikaondoka. Ikabaki ya 2036, nayo ikaondolewa mwaka 2013. Na Machi 2021 vipimo vya rada vikathibitisha kuwa halitaigonga dunia kwa miaka 100 kwa uchache.

Ama jina, ni la Kiyunani, la nyoka wa giza ambaye Wamisri wa kale walidai kuwa ni adui wa jua. Nalo lilipewa mwaka 2005. Wenye kueneza khofu wamelishika jina wakaiacha hisabu, na hali jina halizidishi uzito wa jiwe hata ratili moja.

Siku hiyo ya 2029 litapita kiasi cha kilomita 32,000 juu ya ardhi. Litakatiza juu ya Afrika, na ukaribu wake wa mwisho, kwa saa za Afrika Mashariki, utakuwa yapata saa saba kasorobo ya usiku wa kuamkia Jumamosi. Mbingu ikiwa safi, litaonekana kwa macho matupu mfano wa nyota ndogo itembeayo. Na mvuto wa dunia utaipanua njia yake hata mzunguko wake uzidi mwaka. Basi wenye kuhisabu itawalazimu kuipima upya.