Mteja akikuambia "andika zawadi": somo la fomu ya forodha kwa wanaouza nje ya nchi

Somo la leo ni la wale wanaouza mtandaoni na wateja wao wako nje: Marekani, Ujerumani, Uingereza, hata hapo Nairobi. Kama bado unauza mtaani tu, soma hivyo hivyo. Siku oda ya kwanza ya nje ikiingia utalikumbuka.

Mimi nauza vikapu vya milulu vya Iringa na mikoba ya kitenge. Shule niliishia kidato cha nne, forodha sijaisomea popote. Haya nimeyajua kwa kujaza fomu nyingi, kuuliza kaunta bila aibu, na kusoma usiku.

Kuna meseji moja kila anayeuza nje ataipata: "Dada, naomba kwenye fomu uandike ni zawadi, na bei weka dola 10, nisije nikakatwa ushuru huku." Anayeandika siyo mwizi. Mara nyingi ni mteja mzuri, analipa kwa wakati, na pengine ni Mtanzania mwenzetu. Ndiyo maana inakuwa ngumu kumkatalia.

Mimi nakataa. Nitakuonyesha kwa nini kwa hesabu, siyo kwa mahubiri.

1. Ijue fomu kwanza

Ukituma kwa Posta utakutana na fomu mbili. CN22 ni ile ndogo ya kubandika juu ya mzigo, kwa vitu vidogo vyenye thamani isiyozidi SDR 300. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, wala usiumize kichwa, kaunta watakuambia uko upande gani. CN23 ni ile kubwa, kwa vifurushi na vitu vya thamani zaidi. Kampuni binafsi za kusafirisha mizigo nazo zina karatasi zao pamoja na invoisi, lakini maswali ni yale yale: ni nini, vingapi, uzito gani, bei gani, vimetengenezwa wapi, na kwa nini unatuma.

Chini kabisa kuna sehemu ya sahihi. Hapo unathibitisha kwamba yote uliyoandika ni kweli. Anayesaini ni wewe mtumaji. Mteja aliyekuomba uandike uongo jina lake liko kama mpokeaji tu, sahihi yake haipo.

Na hilo siyo jambo dogo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203, inasema anayetoa tamko la uongo kwenye mambo ya forodha anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini hadi dola 10,000. Sisemi kila mtu anafungwa kwa kikapu. Nasema usiweke sahihi kwenye kitu chenye uzito huo ili mtu mwingine aokoe dola chache.

2. Zawadi maana yake nini

Forodha ikisema zawadi inamaanisha mtu binafsi kamtumia mtu binafsi, na hakuna hela iliyolipwa. Mteja akishalipa, hayo ni mauzo. Hata kama ananunua kwako ili ampe dada yake siku ya harusi, kwako wewe bado ni mauzo. Weka tiki kwenye mauzo ya bidhaa.

Kwa nini wateja wanalipenda hilo neno? Kwa sababu zawadi ina nafuu. Umoja wa Ulaya unasamehe zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45. Uingereza haitozi VAT kwenye zawadi isiyozidi pauni 39. Bidhaa ya kununua haipati nafuu hiyo. Tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa mizigo midogo ya hadi euro 22. Marekani nayo, iliyokuwa ikipitisha bila ushuru mizigo isiyozidi dola 800, ilisimamisha msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Zawadi halisi zisizozidi dola 100 hazikuguswa. Kwangu mimi, tangu hapo meseji za "andika zawadi" zimeongezeka sana.

3. Hesabu ya uongo

Tuchukue mfano wa Ujerumani. Mteja kanunua bidhaa za euro 60, usafiri euro 25. VAT ya huko kwa bidhaa kama hizi ni asilimia 19, na inapigwa kwenye bidhaa pamoja na usafiri. Kwa hiyo 85 mara asilimia 19 ni euro 16.15. Kuna na ada ya msafirishaji kwa kazi ya kumlipia mteja forodha. Hicho ndicho mteja anachotaka kukikwepa.

Sasa wewe umeandika "zawadi, euro 15". Angalia kila mmoja amebeba nini:

- Mzigo ukipita salama, mteja kaokoa hizo euro 16 na ada. Wewe umepata sifuri.
- Mzigo ukipotea, na huduma uliyolipia ina fidia, huwezi kudai euro 60. Karatasi yako mwenyewe inasema 15. Tofauti ni yako.
- Mzigo ukishikwa, mteja anasumbuliwa, anakasirika, na kama alilipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake imrudishie hela. Wewe mzigo huna, hela huna.

Yani faida yote ni ya mteja, hasara yote ni yako. Biashara gani hiyo?

Kuna mteja aliwahi kutaka vikapu 12, dola 35 kimoja, jumla dola 420. Akasema nikiandika dola 100 tunamalizana siku hiyo hiyo. Nikamweleza kwa upole kwamba bei ya kwenye fomu itakuwa ile aliyolipa. Akaondoka, na hajarudi mpaka leo. Iliniuma, nisiwadanganye. Oda ile ingenilipia kodi ya fremu. Lakini nilipiga hesabu: mzigo ule ukipotea njiani, dola 320 zinatoka mfukoni mwangu, na akina mama waliosuka vile vikapu wanataka hela yao, hawajali fomu iliandikwa nini. Mtaji wangu usingeinuka tena.

4. "Lakini watajuaje?"

Wanajua kirahisi kuliko unavyodhani.

Kwanza, taarifa za mzigo siku hizi zinatangulia kwa kompyuta. Tangu 2021 vifurushi vya posta vyenye bidhaa vinatakiwa vitumiwe taarifa zake kabla havijafika. Kwa hiyo unachoandika kinasomwa mapema.

Pili, Ujerumani forodha wakiwa na mashaka wanamwita mpokeaji alete invoisi au uthibitisho wa malipo. Mteja anasimama pale na simu yake, malipo yanaonyesha euro 60, fomu yako inasema 15. Na bei zako ziko wazi kwenye ukurasa wako, mtu yeyote anaweza kuzifungua.

Tatu, mzigo unajisema wenyewe. Umeandika zawadi, halafu ndani umeweka kadi ya "Asante kwa kununua kwetu, karibu tena", na lebo ya bei inaning'inia kwenye mkoba. Hapo hata afisa wa siku ya kwanza kazini atacheka.

5. Jinsi ya kujaza, mstari kwa mstari

*Maelezo.* Usiandike "bidhaa", "nguo", "vitu vya nyumbani". Umoja wa Ulaya una orodha kabisa ya maneno ya jumla wasiyoyakubali. Andika kitu chenyewe, kinatengenezwa na nini, ni cha nani au cha kazi gani: "Vikapu 2 vya mapambo vya kusuka kwa majani", "Gauni 1 la kike la pamba". Fomu ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, au lugha inayokubalika huko mzigo unakokwenda.

*Kila aina mstari wake.* Vikapu mstari mmoja, mikoba mstari mwingine, kila kimoja na idadi, uzito na bei yake.

*Bei.* Bei ya forodha ni ile iliyolipwa kweli. Siyo gharama yako ya kununulia, siyo bei ya kumwonea mteja huruma. Na taja aina ya fedha. Ukiandika 150,000 bila kusema ni shilingi za Tanzania, mtu wa huko anaweza kuisoma kama dola. Mimi naandika kwa fedha ile ile iliyoko kwenye invoisi.

*Bonasi.* Ukimwongezea mteja kipochi cha bure, nacho kiandike, na ukipe thamani yake halisi. Usiweke sifuri.

*Namba ya bidhaa.* Inaitwa HS, tarakimu 6 za kwanza zinatumika dunia nzima. Vikapu vya kusuka viko kwenye 4602, mikoba 4202, vinyago na mapambo ya mbao 4420, viatu vya juu ngozi 6403. Hizo ni tarakimu 4 za mwanzo, zilizobaki uliza kaunta au wakala wa forodha.

*Nchi ya asili.* Hapa wengi wanateleza. Kikapu kilichosukwa Iringa ni cha Tanzania. Lakini jora la kitenge lililotengenezwa China haligeuki kuwa la Tanzania kwa sababu umelinunua Kariakoo. Ukiuza kitambaa kama kitambaa, soma maandishi ya pembeni, na kama hayasemi muulize aliyekuuzia.

*Vitu vyenye masharti.* Manukato yanashika moto, kwa ndege ni mzigo wa hatari. Betri za lithiamu zina masharti yake. Mbegu, mbao na vitu vya majani, Australia kwa mfano ni wakali, wanakagua wadudu. Kuficha hivi ni zaidi ya kukwepa ushuru, unahatarisha watu walioko kwenye ndege au mashamba ya wenzio. Uliza kabla ya kuuza.

Weka invoisi moja ndani na nyingine nje kwenye mfuko wa nailoni, na piga picha ya fomu kabla hujaikabidhi.

6. Kuna njia halali za kumpunguzia mteja

Kukataa uongo siyo kumwacha mteja aumie. Fanya hivi:

Tenganisha bei ya bidhaa na usafiri kwenye invoisi. Ukiandika kikapu euro 85 kumbe 25 ni usafiri, umeipandisha thamani ya bidhaa bila sababu, na kuna mahali ukubwa wa thamani ya bidhaa ndio unaoamua itozwe nini.

Punguzo la kweli ni halali. Ukimuuzia kwa euro 48 badala ya 60, na amelipa 48, andika 48. Hifadhi uthibitisho wa malipo.

Mteja akirudisha bidhaa, mwambie aweke tiki kwenye bidhaa iliyorudishwa, isionekane umeagiza mzigo mpya.

Na kwa majirani zetu: bidhaa iliyotengenezwa hapa na kutimiza masharti ya uasili haitozwi ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kwa mteja wa Nairobi ukweli ndio unaokupa nafuu, uongo unakunyima.

7. Namna ya kumwambia mteja

Siri iko kwenye muda. Mwambie kabla hajalipa. Kodi anayoijua mapema ni sehemu ya bei, kodi ya kushtukizwa inaonekana kama wizi. Mimi natuma hivi kila oda ya nje:

"Asante sana kwa oda yako. Bidhaa ni euro 60, usafiri 25. Kwenye fomu ya forodha naandika bei uliyolipa na kwamba ni mauzo. Nchi yako inaweza kukutoza kodi na ada mzigo ukifika, haimo kwenye bei yangu. Tafadhali angalia viwango vya kwenu kwanza, kisha unijulishe kama tuendelee."

Na akiomba andika zawadi: "Samahani dada, fomu naisaini mimi, na mzigo ukipotea fidia inafuata bei niliyoandika. Nikiandika kweli nakulinda na wewe pia. Nikupunguzie kidogo kwenye bei?"

Wengi wanaelewa. Wachache wanaondoka. Anayeondoka kwa sababu umekataa kusaini uongo, muache aende na baraka zake. Mzigo wake ungekuweka roho juu wiki tatu nzima.

Kabla ya kesho fungua invoisi yako ya mwisho na fomu yake, uziweke pamoja. Majina ya bidhaa, idadi, bei na fedha vinafanana? Kama vinafanana uko vizuri. Kama havifanani, anza na oda inayofuata.

Mtumie na mwenzako anayefungasha mzigo wa nje wiki hii. Kazi njema.