Maharage, Soya na Tumbo Kujaa Gesi

Huku milimani, toka Manyovu hadi Kasulu na Kibondo, maharage hayakosekani jikoni. Hata hivyo wako wazazi wanaomnyima mtoto kwa kuwa "yanamjaza tumbo", na hapo mtoto hukosa protini na madini ya chuma yaliyo shambani kwao wenyewe. Gesi ile haitokani na sumu. Inatokana na sukari.

Sukari ya chai ni vipande viwili vilivyoungana, glukosi na fruktosi, na mwili huvitenganisha upesi. Maharage na soya vina rafinosi, yaani sukari hiyohiyo iliyoongezwa kipande kimoja cha galaktosi, na stakiosi, iliyoongezwa viwili. Kiungo cha galaktosi hukatwa na kimeng'enya ambacho utumbo mwembamba wa binadamu hauna, awe mtoto awe mzee. Sukari hizo hufika nzima kwenye utumbo mpana; bakteria huzila na kutoa gesi.

Nafuu ni kwamba sukari hizo huyeyuka majini. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, bandika kwa maji mapya. Yatokote sawasawa kabla ya kupunguza moto, maana maharage mekundu yasiyoiva hutapisha na kuharisha. Tena kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 95 tu, kwa hiyo usiyaharakishe. Magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1. Ukiloweka vizuri huyahitaji.

Wajapani huchachusha soya kwa bakteria wakapata natto, Waindonesia kwa ukungu maalumu wakapata tempe. Vijidudu hivyo hupunguza sukari hizo kabla mlaji hajaonja. Usijaribu nyumbani kwa ukungu wowote uliojiotea: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi.

Soya ya uji wa mtoto ichemshwe dakika 30 kabla ya kukaushwa na kusagwa. Ikiwa mbichi huzuia mwili kumeng'enya protini, na uji unakuwa kazi bure.

Mtoto akivimba miguu pamoja na tumbo, au akiharisha damu, usiyasingizie maharage. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo.