Somo la Mwezi: Maji Kutoka Ruvu Hadi Kikombeni

Soma kwanza: 2 Wafalme 2:19–22



Wazee wa Yeriko walimpelekea Elisha shauri ambalo mkazi yeyote wa Kariakoo analielewa. Mji wao ulikaa mahali pazuri, bali maji yake yalikuwa mabaya. Angalieni Elisha alikwenda wapi. Hakuhangaika na mitungi ya watu majumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye chemchemi, kwa kuwa ubaya ulianzia huko. Katika somo hili tunajiuliza swali hilohilo juu ya mji wetu: maji ya bomba yakituletea ugonjwa, ubaya huo umeanzia wapi? Jibu letu si lile la Yeriko.

Maji ya Kariakoo yanatoka mbali, katika mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa 1959. Ule wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukafuata 1976. Baada ya kupanuliwa katika miaka ya 2010, wa kwanza uliwekewa uwezo wa kutoa lita milioni 196 kwa siku, na wa pili lita milioni 270. Huko mitamboni maji ya mto, yenye tope, hutiwa dawa ya kugandisha uchafu ili utuame chini, hupitishwa katika machujio ya mchanga, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Ndipo yanaposukumwa hadi matangi makubwa ya Kimara na ya kilima cha Chuo Kikuu, na kuteremka mjini.

Klorini hiyo hutiwa na ziada kidogo, ili iyalinde maji safarini. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 katika kila lita. Wengi wetu hulalamika kwamba maji yananuka dawa. Ndugu, harufu hiyo isiwatie hofu. Ni mlinzi ambaye bado yuko zamu. Maji ya bomba yasiyo na harufu yoyote, yaliyokuja baada ya siku tatu za ukame, ndiyo ya kutiliwa mashaka.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Bomba lililojaa maji yenye msukumo, hata likiwa na ufa, hutoa maji nje. Ni hasara, lakini uchafu hauingii kwa urahisi. Maji yakikatwa mambo hugeuka. Msukumo ukipotea, bomba huanza kunyonya kilichoko nje yake kupitia ufa uleule. Na nje yake kuna nini? Kariakoo ya zamani ilikuwa mji wa nyumba za Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma na choo cha shimo uani. Mahali pa nyumba nyingi za namna hiyo leo pamesimama maghorofa, na watu wanaotumia choo katika kiwanja kimoja wameongezeka mara nyingi. Kila mpita njia amewahi kuruka maji machafu yaliyofurika kutoka kwenye chemba barabarani. Bomba la maji safi likipita chini ya dimbwi hilo, halafu likakaa tupu usiku kucha, huhitaji kusomea uhandisi kujua kitakachotokea.

Mgao wa maji, basi, si usumbufu wa kukosa maji tu. Ni jambo la afya pia. Mwezi Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, mji mzima ulitangaziwa mgao, na watu walizungumza zaidi juu ya bei ya dumu kuliko hali ya maji yaliyorudi bombani. Maji ya kwanza kurudi ndiyo yaliyosomba vyote vilivyoingia. Yaacheni yatiririke kwenye ndoo mpaka yawe meupe, na ndoo hiyo iwe ya choo na ya kupigia deki, si ya chai.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi wenyewe. Baadhi ya wenye nyumba wameunganisha mashine ya kuvuta maji moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ili tangi la juu lijae haraka. Mashine hiyo inanyonya bomba la wote. Inamnyima jirani maji, na papo hapo inavuta uchafu wa chini ya ardhi kuingia katika bomba ambalo yeye na jirani wanalitegemea pamoja. Njia ya haki ni kuyaacha maji ya bomba yashuke kwa nguvu yake katika tangi la chini, kisha mashine iyapandishe kutoka humo.

Kwamba ufa mdogo kati ya choo na maji huua, dunia ilifundishwa London mwaka 1854. Katika mtaa wa Soho kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 kwa majuma machache. Daktari John Snow alisema chanzo ni pampu ya maji ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Lakini wengi hawakumwamini, na mmoja wao alikuwa kasisi kijana wa Kianglikana wa mtaa huohuo, Henry Whitehead. Maji ya pampu ile yalisifiwa kwa ladha yake! Whitehead akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akiuliza nani alikunywa na nani hakunywa, akikusudia kuonyesha kwamba daktari amekosea. Majibu ya waumini wake yakamgeuza. Ni yeye aliyegundua kwamba katika nyumba namba 40, mtoto mchanga aliharisha kabla mlipuko haujaanza, na mama yake alimwaga maji ya nepi katika shimo la maji machafu lililokuwa karibu sana na kisima. Palipochimbwa, matofali yalikutwa yameoza na uchafu ukipenya. Daktari alikuwa na hoja, lakini ni kasisi aliyejulikana katika kila mlango ndiye aliyepata ushahidi huo.

Kwetu kipindupindu si habari ya vitabuni. Mlipuko ulioanza Kinondoni mwezi Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, ukadumu hadi 2018, na wagonjwa walizidi 30,000, vifo vikazidi 500.

Tufike nyumbani. Tangi la chini ya ardhi lisiwe jirani na chemba ya choo, na mdomo wake uinuliwe juu ya sakafu ya ua, maana mvua ikinyesha Kariakoo maji ya barabarani hutafuta shimo la kuingia. Tangi la juu liwe na mfuniko unaobana. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, hivyo maji ya juma zima katika tangi chafu hayana tena ulinzi wowote. Angalau mara mbili kwa mwaka tangi lisafishwe: limwagwe, lisuguliwe, litiwe maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, likae usiku kucha, kisha lisuuzwe. Nani afanye kazi hiyo? Mpangaji husema ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba anaishi Mbezi. Kwa maoni yangu, anayepokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana wajibu wa tangi, kama alivyo na wajibu wa paa.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja, yafunikwe, yapoe katika chombo kilekile. Mkaa ni ghali, tunajua. Dawa ya klorini ya dukani ni nafuu zaidi, ila maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na kuachwa yatuame, la sivyo dawa huishia kwenye tope. Chupa safi za plastiki zinazopenya mwanga, zikilazwa juani kwa saa 6, nazo hufaa. Siku za mawingu ziachwe siku mbili. Kisha tuangalie mkono. Maji yaliyochemshwa vizuri, yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na watoto watano, yamerudi yalikotoka. Dumu lenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki ni bora kuliko pipa lililo wazi.

Neno moja kuhusu visima, kwa kuwa maghorofa mengi yana cha kwake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi, wala naitreti inayotoka kwenye vyoo na kupenya ardhini. Maji yakipungua kwa kuchemka, vitu hivyo huzidi ukali. Maziwa ya kopo ya mtoto aliye chini ya miezi sita yasikorogwe kwa maji ya kisima ambacho hakijapimwa maabara.

Wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, tulipokaa vikundi vikundi kuzunguka redio, kisha tukainuka kwenda kufanya tulichokisikia. Somo hili nalo lisomwe hivyo, katika jumuiya za nyumba kwa nyumba. Mjadiliane haya: Katika jengo lenu, tangi lilisafishwa mara ya mwisho lini, na nani alishuhudia? Je, kuna mashine iliyounganishwa kwenye bomba la mtaa, na nani ataongea na mwenyewe? Maji ya kunywa yanayowekwa nje ya kanisa siku za kipaimara na misiba hutoka wapi, na vikombe vyake huoshwa kwa maji gani?