Kunyoshwa Uso kwa Kupasuliwa: Maana Yake, Khatari Zake na Hukumu Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Hukumu ya jambo haijulikani ila baada ya jambo lenyewe kujulikana lilivyo. Kwa hivyo somo hili lina milango mitatu: namna uso unavyozeeka, namna unavyonyoshwa kwa kisu, na hukumu yake katika sharia.

MLANGO WA KWANZA: KUZEEKA KWA USO

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa ngozi ya binadamu ina nyuzi ndogo ndogo ndani yake: nyingine huipa nguvu, na nyingine huifanya ivutike kisha irejee mahali pake. Umri ukisha kupita, nyuzi hizo hupungua na kukatika. Mafuta yaliyo chini ya ngozi nayo huteremka na mengine huisha, hata mifupa ya uso hupungua. Ndipo mashavu yakalegea, taya likapoteza mkato wake, na ngozi ya shingo ikaning'inia. Jua kali na tumbaku huliharakisha jambo hili. Mtazame baharia mzee: ngozi ya kifua chake iliyositiriwa na nguo ni laini kuliko ya uso wake, na hali umri wao ni mmoja.

Haya si maradhi. Qur'ani Tukufu, Sura ya Ar-Rum aya ya 54, imebainisha ya kuwa Mwenyezi Mungu humwumba mtu katika udhaifu, kisha humpa nguvu, kisha baada ya nguvu humtia udhaifu na mvi.

MLANGO WA PILI: NAMNA UNAVYONYOSHWA

Kazi hii ilianza Ulaya mwanzo wa karne ya 20. Tabibu Eugen Holländer wa Berlin alieleza ya kuwa mwaka 1901 alimkata bibi mmoja wa kikabaila, Mpolandi, vipande vya ngozi karibu na masikio ili mashavu yake yakazike. Zama hizo ilivutwa ngozi peke yake, na ngozi hulegea tena upesi, kwa hivyo faida haikudumu. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Sweden alieleza njia ya kuinua ngozi pamoja na utando ulio chini yake, na mwaka 1976 matabibu Mitz na Peyronie wa Ufaransa wakaubainisha utando huo ulivyo.

Hivi leo mwenye kufanyiwa hupewa dawa ya usingizi au ya ganzi. Tabibu hukata kuanzia nyweleni juu ya sikio, akateremka mbele ya sikio, akazunguka chini ya ndewe mpaka nyuma. Huinua ngozi, hukaza utando, hukata ngozi iliyozidi, kisha hushona. Kazi huchukua saa kadhaa. Uvimbe na vilio la damu hukaa yapata wiki mbili, na mara nyingine zaidi. Faida yake hukisiwa kudumu miaka 7 hadi 10, wala uzee hausimami katika muda huo.

Ama khatari zake, ya kwanza ni damu kukusanyika chini ya ngozi, na jambo hili huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwani ngozi yenye ndevu ina mishipa mingi ya damu. Ya pili ni kudhurika mshipa wa fahamu unaoendesha uso: mdomo huenda upande, au nyusi isiinuke. Mara nyingi hupona baada ya miezi. Mara chache haponi kabisa. Ya tatu, mvuta tumbaku huweza kufa ngozi yake karibu na kovu. Ya nne ni ya wanaume khasa: ngozi ya shavu ikivutwa nyuma, ndevu huweza kuota mpaka kwenye sikio.

MLANGO WA TATU: HUKUMU YAKE

Kisu ni kimoja, makusudio ni mawili.

Kusudio la kwanza ni kuondoa dhara. Katika vita vya 1914 hadi 1918 tabibu Harold Gillies aliwatengeneza huko Uingereza askari waliovunjwa nyuso kwa risasi na makombora. Kazi ya namna hii ni dawa. Dalili yake ni habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alivaa pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha avae ya dhahabu, na hali dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Kusudio la pili ni kukimbia uzee. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud wamelaaniwa wenye kuchanja, wenye kunyoa nyusi na wenye kutenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakigeuza umbo la Mwenyezi Mungu. Na katika hadithi ya Usama bin Sharik, Mtume (S.A.W.) amehimiza watu wajitibu, akabainisha ya kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, liliamua ya kuwa haifai kuondoa makunyanzi kwa kupasua wala kwa sindano, ila yakiwa ni maradhi, na kwa sharti ya kusalimika na madhara.

MASUALA

Suala: Aliyeungua uso, au kope zake zimeteremka hata haoni, afanyeje?
Jawabu: Huyo anaondoa dhara. Na ajitibu kwa tabibu mjuzi.

Suala: Mzee ataka kuposa, na ataka anyoshwe uso ili wasijue umri wake?
Jawabu: Hapo pana makosa mawili: kugeuza umbo, na kuwaghushi watu katika ndoa. Aseme umri wake kweli. Akitaka pambo, ajitie hina, kwani Mtume (S.A.W.) aliamrisha mvi za Abu Quhafa zibadilishwe rangi, zisitiwe nyeusi.

Suala: Na aliyekwisha kufanya?
Jawabu: Mlango wa toba u wazi. Wala haifai kumcheka, kwani huenda aliona haya kwa maneno ya watu waliomcheka uzee wake, na dhambi ya maneno hayo ni juu yao.

Wallahu a'lam.