Kukausha na Kuweka Mbegu: Somo kwa Wakulima wa Skimu, Rongo



Mahindi ya mvua ndefu yakisha kuvunwa, mwezi wa Julai na Agosti, kuna kazi mbili za kuweka: kuweka chakula na kuweka mbegu. Chakula kikiharibika utakiona, na pengine utapata gorogoro sokoni. Lakini mbegu ikifa hutaiona. Utajua siku ile shamba limekwisha kulimwa, mvua imekwisha kunyesha, na mashimo yako hayana kitu. Wakati huo jirani hana mbegu ya kukugawia, wala mvua haikungoji.

Somo hili ni la mbegu unazojiwekea mwenyewe: mahindi ya kienyeji kama nyamula, maharagwe, njugu karanga, mtama, na mboga kama osuga na dek. Mahindi ya haibridi usiyawekee mbegu, kwa sababu wazao wake hawafanani na mzazi na mavuno hupungua. Hayo nunua mapya kila msimu.

1. Mbegu hupumua

Mbegu ni kitu kilicho hai. Ndani yake mna mche mdogo uliolala pamoja na chakula chake. Ikiwa mbegu ina maji mengi, hupumua upesi, hupata joto, hula akiba yake, na mwisho hufa. Maji hayohayo huleta ukungu, na fukusi hustawi.

Hapa kwetu jua ni kali, lakini hewa ina unyevu mwingi, maana ziwa si mbali na mvua hunyesha miezi mingi. Hindi kavu likiachwa wazi hunywa maji ya hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, hindi hukaa na maji ya asilimia 13 au 14. Hewa ikifika asilimia 80, hindi hupanda karibu na 16. Ndiyo maana kukausha peke yake hakutoshi. Yakupasa ukaushe, kisha ufunge.

Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni iliyo rahisi kukumbuka: kila ukipunguza asilimia 1 ya maji, maisha ya mbegu huongezeka mara mbili. Basi mbegu uliyoishusha kutoka asilimia 14 hadi 12 yaweza kuishi mara nne, ikiwa mengine yote ni sawa.

2. Namna ya kukausha

Chagua magunzi mazuri kutoka mimea yenye afya iliyo katikati ya shamba. Menya, kausha magunzi, kisha pukuchua kwa mkono. Usipige kwa fimbo, maana mbegu iliyopasuka haioti vema.

Tandaza mbegu juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Tabaka lisizidi unene wa vidole viwili. Geuza mara kwa mara. Usianike juu ya bati wala juu ya lami, kwa kuwa joto linalopita digrii 40 laweza kuua mche ulio ndani. Mawingu ya alasiri yakikusanyika, ingiza mbegu nyumbani. Kila jioni zifunike ndani, umande usizilowanishe tena.

Njugu zikaushe na ziweke pamoja na maganda yake, uzibambue wakati wa kupanda ukikaribia. Zenye ukungu usipande, usile, wala usiwape watoto au mifugo. Mwaka 2004, sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini ilikuwa katika mahindi sehemu za Makueni na Kitui, na watu 125 walikufa kati ya 317 waliougua.

3. Jaribio la chumvi

Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi moja, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika chache, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15: rudisha juani. Isiposhika, yanafaa kuwekwa kwa chakula. Lakini ya mbegu yaongezee siku mbili za jua.

4. Namna ya kuweka

Kwanza acha mbegu zipoe kivulini. Ukizifunga zikiwa za moto, jasho litatokea ndani ya chombo. Changanya na majivu makavu ya kuni yaliyochekechwa. Jaza chombo mpaka juu, hewa isibaki nyingi, kisha funga sana. Chupa, debe lenye kifuniko cha kubana, au mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, vyote vyafaa. Mdudu akikosa hewa hufa. Weka chombo juu ya ubao, mahali penye kivuli, mbali na meko. Andika jina la mbegu na tarehe, wala usifungue mara kwa mara.

5. Hesabu kabla ya kupanda

Wiki mbili kabla ya mvua, hesabu mbegu 100, zifunge katika kitambaa chenye maji, na kiwe kibichi siku saba. Kisha hesabu zilizoota.

Tuseme wapanda mbegu mbili kila shimo. Zikiota 90, katika mashimo 100 ni 1 tu litakuwa tupu. Zikiota 70, matupu ni 9. Zikiota 40, matupu ni 36, yaani zaidi ya theluthi ya shamba ulilolima na kulitia mbolea. Afadhali kujua hayo ukiwa nyumbani, siku za kutafuta mbegu nyingine zikingalipo.

Ekari 1 ya mahindi yahitaji kilo 10 tu za mbegu. Mzigo huo mdogo ndio unaobeba chakula cha nyumba yako kwa msimu mzima.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbegu iliyokauka hulowana tena ikiachwa wazi?
2. Chumvi ikishika kwenye chupa, utafanya nini?
3. Mbegu 80 zikiota kati ya 100, nawe wapanda mbili kila shimo, mashimo mangapi kati ya 100 yatakuwa matupu?

Jibu la tatu lifanyeni nyumbani pamoja na watoto wa shule.