SOMO: GARI KONGWE NA NJIA YA DAGO

Kwa Wanachama wote.

Katika mkutano wetu uliopita wanachama wengi walitaka gari ya chama, ile Land Rover ndefu ya Series IIA, iongezwe nguvu kabla ya msimu wa karafuu. Mmoja alisema yale matairi makubwa yaliyomo stoo yafungwe tena. Wa pili alitaka gari iinuliwe springi, wa tatu akaomba winchi. Maombi haya yana maana, kwani kila mmoja wetu aijua njia ya dago wakati wa mvua. Lakini fedha ni chache, na mimi Katibu nina deni la maelezo juu ya jambo lililotufika vuli ya mwaka juzi. Yafaa somo hili lisomwe kabla ya mkutano, na asiyejua kusoma asomewe.

JAMBO LILILOTUFIKA

Mtakumbuka kwamba mwaka ule ndio tulifunga matairi makubwa, na karatasi ya kuyanunua niliitia sahihi mimi. Tena halmashauri ilikwisha mwamrisha dereva asitumie magurudumu ya mbele ila penye matope, ili petroli isiishe. Siku ile njia ilikuwa kavu. Gari ikapanda mlima na magunia ya karafuu mbichi na wachumaji sita. Kati ya mlima ukasikika mlio kama wa mti kukatika, na gari ikaacha kwenda. Dereva akakanyaga breki, ikasimama. Akavuta breki ya mkono, akaondoa mguu ili ateremke atazame. Gari ikaanza kurudi nyuma mpaka ikazuiwa na mkarafuu. Mama mmoja katika wachumaji aliruka, akavunjika mkono.

Dereva aliapa kwamba alivuta breki sawasawa. Hatukumsadiki. Aliacha kazi, na wengine wetu tulisema afadhali.

NILIYOYAONA KINGOLWIRA

Mwaka huu nilikwenda Bara kwa harusi ya jamaa yangu huko Kingolwira, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam, kabla hujafika Morogoro mjini. Kusini yake imesimama milima ya Uluguru. Wengi wetu hudhani kwamba karafuu ni ya visiwani tu, lakini sivyo. Upande wa mashariki wa milima ile, unaoelekea bahari na kupata mvua nyingi, Waluguru wana mikarafuu yao, kama huko Mkuyuni, Kinole na Matombo. Na njia zao za mashamba ni mbaya kushinda zetu.

Hapo Kingolwira nilimkuta fundi mmoja mzee, ana Land Rover mbili kongwe chini ya mwembe. Nikamweleza khabari yetu yote. Akaniuliza neno moja tu: "Katibu, breki ya mkono ya gari yenu hushika wapi?"

Nikajibu, "Hushika magurudumu ya nyuma, mzee."

Akacheka. "Lala chini utazame, mwanangu."

Nikalala chini na kanzu yangu ya harusi, nikatazama. Ngoma ya breki ile haimo kwenye gurudumu. Imo nyuma ya giaboksi, nayo hushika pulopela. Pulopela huzungusha difu, na difu hupeleka nguvu kwenye magurudumu mawili ya nyuma kwa fito mbili za chuma, ambazo mafundi huziita hafushafti. Fito moja ikikatika, difu huzunguka bure upande ule, na gari haiendi. Na breki ya mkono nayo haina tena cha kushika, hata uivute kwa mikono miwili. Laiti magurudumu ya mbele yangalikuwa yametiwa, breki ile ingeshika kwa kupitia mbele. Lakini sisi ndio tuliyakataza.

Basi dereva alisema kweli. Fito ilikatika kwa sababu ya matairi yetu, na breki haikushika kwa sababu ya amri yetu.

MAFUNZO YENYEWE

Gari kongwe hairukishwi ngazi. Kwanza hurudishwa ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, kisha ndipo huongezwa, na kila kiongezwacho huulizwa: mzigo wake utaangukia wapi? Taratibu yake ni hii.

1. Chesisi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, kwa hiyo mwili wake ukaundwa kwa aluminiamu, lakini chesisi ni ya chuma. Hapa kwetu penye hewa ya chumvi, mwili waweza kung'aa hali chesisi imeoza. Pigeni kwa nyundo ndogo chini yote, khasa mwisho wa nyuma na pale springi zinaposhika. Palipo pazima hulia, na palipooza hubonyea. Hapo pakatwe na kuungwa chuma kipya kabla ya senti moja kutumiwa kwingine.

2. Breki. Gari nyingi za umri huu zina njia moja tu ya mafuta ya breki. Ikivuja mahali pamoja, magurudumu yote manne hukosa breki. Inawezekana kufunga pampu yenye njia mbili kutoka gari za baadaye, na hilo ndilo ongezeko la kwanza ninaloliomba. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, basi yabadilishwe kila miaka miwili. Baada ya kuvuka maji, dereva aende polepole huku amegusa breki kidogo mpaka ngoma zikauke.

3. Hafushafti. Gari ndefu za Series III, zilizoanza kutoka mwaka 1971, zilipewa ekseli ya nyuma nene zaidi iitwayo Salisbury. Tukiipata iliyo nzima, itaingia kwetu. Tusipoipata, tununue fito za chuma bora.

4. Matairi. Gari yetu iliundwa kwa tairi ya 7.50-16. Tairi hii nyembamba, yenye meno ya matope, hukata tope mpaka ikaufikia udongo mgumu. Tairi kubwa huwa kama mkono mrefu unaozisokota fito, huifanya injini kulemewa, na kuzidisha kazi ya breki. Basi yaliyomo stoo yauzwe.

5. Springi. Mabamba ya springi yakishikana kwa kutu, gari huwa ngumu na gurudumu huinuka juu ya ardhi. Yafunguliwe, yasuguliwe, yapakwe grisi, na bushi ziwe mpya. Kuinua gari zaidi huifanya iwe rahisi kupinduka penye mteremko wa ubavuni, hasa ikiwa na magunia.

6. Maji. Chini ya nyumba ya klachi pana tundu ndogo. Kabla ya kuvuka maji mengi hutiwa kizibo, na baadaye hutolewa, maana oili ikijikusanya humo hulowesha klachi. Juu ya ekseli pana kipumulio. Ekseli yenye moto ikiingia maji baridi huvuta maji ndani kwa hapo, basi kiungiwe mpira mrefu wa kufika juu. Mafuta ya difu yakigeuka meupe kama maziwa, yamwagwe siku ile ile.

7. Vyombo vya kujiokoa. Kulabu nzito zilizofungwa kwa boliti kwenye chesisi, kamba nene, mbao mbili, jembe na panga. Winchi itafuata tukijaaliwa. Ikija, mtu asiruke kamba yake inapovuta, na gunia zito liwekwe juu yake, ili ikikatika isipae.

UENDESHAJI

Kabla ya kupanda au kuteremka, dereva asimame, abonyeze kifundo cha manjano na kurudisha nyuma mkono mwekundu, apate magurudumu manne na gia nzito. Mteremkoni asikanyage klachi; aiache injini izuie. Kwenye lami kavu ayatoe magurudumu ya mbele, kwani huko vyuma husokotana.

Kabari mbili za mti zikae kwenye gari daima. Kila isimamapo mlimani, utingo ateremke kwanza aweke kabari, ndipo dereva aondoe mguu. Na anayeinua gurudumu la nyuma kwa jeki asiitumainie breki ya mkono, kwa sababu niliyoieleza: gurudumu moja likiwa hewani, hali ni kama fito iliyokatika.

NINAYOYAOMBA MKUTANONI

Kwanza, fedha zitumike kwa taratibu niliyoiandika, chesisi na breki mbele, winchi nyuma. Pili, amri ya kukataza magurudumu ya mbele ifutwe, na dereva awe na haki ya kukataa mzigo au abiria bila ya kuulizwa. Tatu, yule mama wa watu, ambaye tulimlipia hospitali tu, alipwe na siku alizokosa kuchuma.

Nne, twende kwa dereva wetu. Nimekwisha kwenda peke yangu kumwomba radhi, akanipokea vizuri, lakini alisema, "Katibu, waliosema kuwa mimi ni mzembe hawakusema faraghani." Haki yake ni kwamba aombwe radhi mbele ya mkutano.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Breki ya mkono ya gari yetu hushika kitu gani?
2. Kwa nini tairi kubwa huweza kukata hafushafti?
3. Kizibo cha nyumba ya klachi hutiwa lini, na hutolewa lini?
4. Nani huteremka kwanza gari isimamapo mlimani, na ana nini mkononi?

Wa billahi tawfiq.

Katibu wa Chama