Nani Apange Saa ya Kulala? Somo juu ya Matunzo ya Watu Wazima

Mtu mzima aliyepooza mikono na miguu aweza kuwa na akili timamu, elimu ya kutosha na kazi ya kufanya, na bado asiweze kuinuka kitandani bila mikono ya mtu mwingine. Mikono hiyo humwogesha, humvisha, humlisha na kumketisha katika kiti cha magurudumu. Msaada wa namna hii ndio uitwao matunzo ya kijamii, nao ni tofauti na matibabu. Daktari hutafuta kuponya au kupunguza maradhi, ilhali mtunzaji hufanya zile kazi za kila siku ambazo mwili wa mhusika hauziwezi. Kwa muda mrefu wataalamu wa nchi zenye viwanda walishughulikia zaidi swali la kiasi: mtu huyu ahitaji msaada wa saa ngapi? Swali la nani aamue msaada huo utolewe wakati gani, na nani, na kwa namna gani, halikuulizwa sana. Walioliuliza kwa nguvu ni watunzwaji wenyewe.

Miongoni mwao alikuwa Ed Roberts wa California. Aliugua polio mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 14, akapooza karibu mwili wote kuanzia shingoni, hata ikambidi alale ndani ya mashine kubwa ya kupumulia iliyoitwa pafu la chuma. Mwaka 1962 alipoingia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley hapakuwa na bweni la kumfaa, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wanafunzi wengine wenye ulemavu walimfuata huko, na mwaka 1972 juhudi zao zilizaa Kituo cha Maisha ya Kujitegemea. Neno hili kujitegemea lataka uangalifu, hasa kwa msomaji wa Tanzania aliyelizoea katika siasa na elimu. Kwa watu wa Berkeley, aliyejitegemea ni yule aliyeongoza mambo yake mwenyewe, hata kama mikono iliyoyatenda ilikuwa ya mwingine.

Nchini Uingereza kikwazo kilikuwa ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Msaada wa Taifa ya mwaka 1948 iliziruhusu halmashauri kuwapatia wenye ulemavu huduma, lakini ilizikataza kuwapa fedha mkononi. Halmashauri iliweza kumlipia mtu miaka mingi katika nyumba ya matunzo. Kumkabidhi fedha hizo hizo ili apange nyumba mtaani na kuajiri msaidizi, haikuweza. Mwaka 1979 baadhi ya wakazi wa nyumba ya Le Court huko Hampshire, akiwamo John Evans, walianzisha mpango walioupa jina la Project 81, kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa umeutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Hoja yao ilikuwa ya hesabu: fedha tayari zinatumika, basi zibadilishwe njia tu. Hatimaye ilikubaliwa kwamba halmashauri iendelee kuilipa nyumba ya matunzo, nayo nyumba impe fedha mhusika. Kwa mzunguko huo wakazi wa kwanza walihamia katika makazi yao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bunge lilichelewa sana kuwafuata. Sheria ya kuruhusu malipo ya moja kwa moja ilipitishwa mwaka 1996, ikaanza kutumika 1997, na hata hapo wazee waliokwisha kutimia miaka 65 hawakuruhusiwa kuanza kulipwa hivyo mpaka mwaka 2000.

Ili ieleweke kwa nini watu walipigania jambo hili, na uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke wa miaka 40, ambaye miguu yake haina nguvu, amepimiwa saa 21 za msaada kwa juma. Ofisi ya matunzo yagawa saa hizo sawasawa: saa moja asubuhi, saa moja adhuhuri, saa moja jioni, siku zote saba. Mpango huu waonekana wa haki. Lakini msaidizi wa adhuhuri humkuta nyumbani, kwa hiyo mama huyu hawezi kuwa kazini; na msaidizi wa jioni huja saa mbili usiku kumlaza, kwa sababu ndiyo saa ya zamu yake. Mtu mzima hulazwa kama mtoto wa chekechea. Sasa apewe fedha za saa hizo hizo 21 azipange mwenyewe. Jumatatu hadi Ijumaa achukua saa moja na nusu asubuhi na nusu saa kabla ya kulala, saa tano usiku: jumla saa 10. Chakula cha mchana ala kazini, maktaba. Zabaki saa 11, naye azitumia 5 Jumamosi kwa usafi na soko, na 6 Jumapili kwenda kuimba kwaya katika mji wa jirani. Halmashauri haikuongeza hata senti moja.

Uskoti ilikwenda mbali zaidi kwa sheria yake ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Aprili 2014. Mtu mzima anayestahili msaada huelezwa njia nne: apokee fedha mwenyewe, achague msaada autakao, fedha zikisimamiwa na halmashauri au shirika, aiachie halmashauri ipange yote, au achanganye njia hizo. Njia ya tatu isidharauliwe. Mgonjwa aliyechoka aweza kuamua kwa hiari yake kuwaachia wengine kazi ya kupanga.

Maana kazi hiyo ipo, na si ndogo. Anayepokea fedha na kumwajiri msaidizi huwa mwajiri kamili: humtafuta na kumsaili, hulipa mshahara, likizo na bima, hutunza hesabu, na asubuhi msaidizi akiugua, ni yeye aliyeko kitandani anayepaswa kutafuta mwingine. Kwa mtu mwenye ulemavu wa akili huhitajika wa kumweleza taratibu na kusikiliza apendalo, bila ya kumwamulia. Tena fedha zikikadiriwa chini mno, au wafanyakazi wasipatikane, uhuru wa kuchagua hubaki katika karatasi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 19, wataja msaada wa mtu binafsi kuwa sehemu ya haki ya kuishi katika jamii. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania 2009. Katika nchi hizi matunzo mengi hufanywa na jamaa bila ya malipo, na fedha za kugawa ni haba. Lakini saa za kuoga, kula na kulala hupangwa na mtu fulani katika kila nyumba yenye mtunzwaji.

Zoezi kwa darasa: kila mwanafunzi aandike ratiba yake ya juma zima, kisha achukulie kwamba hawezi kutumia miguu na amepewa saa 21 za msaada. Azigawe. Halafu abadilishane daftari na jirani yake, na kila mmoja amgawie mwenzake saa hizo bila ya kumwuliza lolote. Ratiba hizo mbili zilinganishwe mstari kwa mstari.